Jina la Mwenye Boma

Baba alifariki mwaka ule ule nilioapishwa kuwa wakili. Joho langu lilikuwa bado lina harufu ya dukani, nami nililikunja kwenye mfuko wa nailoni nikaliweka chini ya kiti cha basi siku nilipotoka Babati kwenda kuzika. Mpaka leo sijui kwa nini nililibeba. Hakuna anayevaa joho msibani. Nadhani niliogopa kuliacha peke yake kwenye chumba cha kupanga, maana lilikuwa kitu pekee cha maana nilichokuwa nacho, na mwizi hajali matanga ya mtu.

Pale kaburini watu walinitazama waone kama nitalia. Sikulia. Si kwamba nilijikaza, hapakuwa na cha kukaza. Nilikuwa na ganzi, ile ya mguu uliokaliwa vibaya, unaugusa unajua ni wako ila wenyewe haukujibu. Niliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, nikashika mikono, nikapewa kiti cha plastiki, nikakaa. Shangazi mmoja alisema shule imenikausha.

Kwetu ni kati ya Basotu na Hirbadaw, kwenye tambarare ya wafugaji. Nilipozaliwa matrekta ya mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa bado yananguruma, na ng'ombe wa baba walizunguka mbali kufuata maji. Baadaye mambo yakafunguliwa, kama walivyosema redioni. Matrekta yakaota kutu, wakaja watu wa kukodi ekari, na nyuma yao wakaja watu wa kuuza ekari ambazo si zao. Mkoa nao ukakatwa kutoka Arusha ukawa Manyara. Wengi kwetu hawakujua mpaka walipofunga safari ya Arusha na kuambiwa ofisi wanayoitafuta sasa iko Babati.

Nilipelekwa shule kwa sababu ndama walinishinda. Serikali ilitaka kila boma litoe mtoto wa darasani, na baba alikuwa na mabinti watupu, kwa mke mmoja. Akatuangalia, akamtoa yule ambaye ndama walikuwa wakimponyoka kila jioni. Huo ndio wito wangu wa sheria. Wenzangu chuoni walikuwa wakisimulia jinsi walivyoiona dhuluma utotoni wakaapa kutetea wanyonge, mimi nilikuwa na ndama wangu tu.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo lazima nilieleze, bila hilo haya mengine hayaeleweki. Mwanamke akiolewa kwetu hatamki jina la baba mkwe wake, wala la wakubwa wengine wa upande wa mume. Hatamki akiwa hai huyo mzee, hatamki akifa. Na si jina peke yake. Neno la kawaida likifanana na jina hilo nalo anaacha kulitumia, anachukua lingine badala yake. Babu yangu alizaliwa siku ya mvua, jina lake lina mvua ndani yake. Kwa hiyo mama, tangu alipoingia katika boma lile akiwa msichana, hakuwahi kuiita mvua kwa jina lake. Alisema "ile ya juu". Babu mwenyewe alimwita "mwenye boma". Sisi watoto tulikua na maneno mawili ya mvua, la baba na la mama, na tulidhani kila nyumba duniani iko hivyo.

Mimi ni mjukuu, jina hilo naruhusiwa kulitaja. Hapa silitaji. Sababu itaonekana mwishoni.

Chuoni sheria ilikuja kwa Kiingereza. Tulisoma hukumu za majaji waliokufa zamani katika nchi za baridi, kuhusu meli na magunia ya pamba, na nilizikariri vizuri. Baadaye ikaja ile shule ya vitendo ambayo kila anayetaka kuwa wakili lazima aipitie, Dar es Salaam, kwenye joto ambalo mtu wa Hanang halizoei. Huko tulifundishwa kuinama mbele ya hakimu kabla ya kuketi. Tulifundishwa kwamba wakili ni afisa wa mahakama kwanza, mtu wa mteja baadaye. Tena tulifundishwa kwamba shahidi akishaanza kuhojiwa, hata mahakama ikienda mapumziko, humsogelei kuzungumza naye habari za ushahidi wake. Yuko kama mwali aliyefungiwa ndani, mpaka atolewe rasmi. Mwalimu wetu, mwanamke mfupi mkali aliyevaa miwani kwenye kamba, alituambia sheria hiyo haina msamaha kwa rafiki wala mzazi. Darasa likacheka, kwa sababu alisema "mzazi".

Arobaini ya baba haijafika, mama akaenda mahakama ya mwanzo kuomba kuteuliwa msimamizi wa mirathi. Mimi ndiye niliyemwambia aende, ndiye niliyemjazia fomu. Msimamizi akishateuliwa ndiye anayegawa mali, na mali ya baba ilikuwa boma lenyewe, shamba lililo nyuma yake na ng'ombe. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba kwa baba yao, akaleta pingamizi. Alisema mama hakuwa mke. Alisema mama alikuwa mwanamke aliyepokelewa tu katika boma wakati wa njaa, asiye na mtoto wa kiume, na kwamba msimamizi halali ni yeye. Kila mtu alijua akipewa usimamizi atauza. Alikuwa tayari ameshawaonyesha shamba watu wawili wa mjini, wakalipima kwa hatua huku mama anakamua ng'ombe. Mama angetoka pale na kibuyu chake na sketi yake ya ngozi, aende kwa kaka zake waliomsahau.

Miaka ile wakili hakuruhusiwa kusimama mahakama ya mwanzo. Ilikuwa mahakama ya wananchi wenyewe, ya Kiswahili, hakimu na wazee wawili wa baraza, na wadaawa wanahojiana wao kwa wao. Sababu yake ni nzuri, nimeiandika kwenye mtihani nikapata alama. Mwananchi wa kawaida asizidiwe na mwenzake mwenye kuajiri msomi. Sheria ilimruhusu ndugu kumsemea mdaawa kama mahakama ikikubali. Binti wa mtu angeweza kusimama. Binti wa mtu aliye wakili, hapo ndipo palipokuwa na ukungu.

Siku ya shauri nilimwambia mama avae kitenge. Akatoka na sketi yake ya ngozi, ile ya ndoa, aliyoipaka mafuta usiku mpaka inang'aa, na bangili zote mkononi. Nikamwambia mahakamani watu huvaa nguo za kawaida. Akasema, "Wanataka kujua kama nimeolewa. Si ndiyo hii?" Sheria ya ushahidi niliyosoma haikuwa na sura ya ngozi.

Mimi nilivaa gauni la bluu, si jeusi, ili nisionekane kama wakili. Karani alinitambua hata hivyo, kwa kuwa alikuwa ameniona Katesh kwenye mahakama ya wilaya. Nikakaa benchi la nyuma pamoja na wanawake wa majirani zetu waliokuja kwa mguu kumsindikiza mama. Walikaa na mashuka yao mabegani, wakitazama bendera ndogo iliyokuwa juu ya meza ya hakimu.

Karani akamuuliza mama dini. Mkalimani akageuza swali. Huyo mkalimani alikuwa Mwiraqw wa Endasak aliyejifunza lugha yetu mnadani, akiisema kwa kuikatakata. Mama akasema anamwomba Mungu asubuhi jua likitoka. Karani akafikiri kidogo, akaandika "mpagani", akamruhusu athibitishe kwamba atasema kweli.

Hakimu alikuwa kijana kutoka kanda ya ziwa, mpole, bado mgeni kwetu. Alimwita "mama" kila mara, tena alimletea kiti. Sina neno baya juu yake. Mama akaeleza alivyoolewa, ng'ombe waliotoka kwao na waliokuja, nani alimpokea langoni. Aliongea vizuri. Nilihesabu ndani yangu vipengele vya ndoa ya kimila na kuona vyote vimetimia, kama mtu anayekagua mizigo ya mgeni.

Kisha ikawa zamu ya baba mdogo kuhoji. Alivaa suruali iliyopigwa pasi na shati la kanisani. Akaanza kwa Kiswahili, ingawa yeye na mama hawajawahi kusemezana Kiswahili tangu wajuane.

"Shemeji. Unasema uliolewa na kaka yangu."

Mama akasema ndiyo.

"Uliolewa katika boma la nani?"

"La mwenye boma."

"Huyo mwenye boma alikuwa anaitwa nani?"

Mama akanyamaza. Mkalimani akamsubiri, akamwangalia, kisha akamgeukia hakimu. "Amenyamaza, mheshimiwa." Alisema kweli. Kunyamaza hakuna tafsiri.

"Mama, swali umelielewa?" hakimu akauliza.

"Amelielewa, mheshimiwa. Anasema yeye hataji."

"Hataji au hajui?"

Mama akajibu kwa sauti ndogo. "Anasema mke hataji," akasema mkalimani.

Baba mdogo alikuwa ameshajiandaa. Hilo ndilo lililonifanya nielewe kwamba hakuja kupima kama mama anajua. Alikuja kwa sababu alijua kwamba mama analijua na hatalitaja.

"Mheshimiwa, hayo ni mambo ya kale, tumeshayaacha. Mke wangu anataja. Ni mke gani halali asiyejua jina la baba mkwe wake? Marehemu jina lake la pili ni hilo hilo. Yaani hata jina kamili la huyo anayemwita mume wake hawezi kulisema. Kwenye fomu limeandikwa, lakini hakuandika yeye. Aliandika binti yake, wakili, yule aliyekaa kule nyuma."

Watu wakageuka. Mke wa baba mdogo, ambaye maisha yake yote hajawahi kulitaja jina hilo, alikuwa amekaa kwenye benchi la upande wa pili. Aliinamisha kichwa akaanza kuokota kitu kisichokuwepo kwenye shuka lake.

Nikasimama. Nikainama kama nilivyofundishwa. Nikaomba kusimama kama mtoto wa mwombaji, kwa ruhusa ya mahakama.

Hakimu akamuuliza baba mdogo kama ana pingamizi. "Ninalo," akasema. "Huyo ni wakili."

Hakimu aliwatazama wazee wa baraza. Mmoja alikuwa akikuna kidevu, mwingine alitazama dirishani. Kisha akanitazama mimi kwa huruma, na huruma ya hakimu ni jambo la kuogopesha. "Dada, sheria hii unaijua kuliko mimi. Siwezi kukukata nusu mtoto nusu wakili. Keti."

Nikainama tena, nikaketi. Niliwaza jambo moja tu, kwa utulivu kabisa. Kama ningefeli ule mtihani wa mwisho, kama walivyofeli wengi, ningekuwa nimesimama pale ninamsemea mama yangu. Hakimu akaahirisha kwa ajili ya chakula, akamwonya mama kupitia mkalimani kwamba bado yuko chini ya kiapo chake na atarudi kujibu.

Tulikaa kwenye kivuli cha ukuta nyuma ya banda la mama ntilie. Niliagiza wali maharage. Mama hali chakula cha mikono asiyoijua, alikuwa na kibuyu chake cha maziwa. Wanawake wenzake walikaa mbali kidogo, kwa heshima, wakituachia nafasi ya kuongea. Walidhani ndicho tunachofanya.

"Nikitaja itakuwaje?" mama akauliza.

"Mama, siruhusiwi kuzungumza nawe habari hiyo mpaka umalize."

"Nani amekukataza?"

"Kazi."

Akafunga kibuyu chake polepole. "Kwa hiyo tulikupeleka shule miaka yote ile ili ukatazwe kuongea na mimi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza njia na kutaka kuhakikisha amesikia sawasawa. Maneno ya kumwambia nilikuwa nayo, tena mafupi. Omba uite mzee wa kwetu aje aeleze mila. Mila huthibitishwa kwa ushahidi, mahakama itasikiliza, subira tu. Hapakuwa na mtu wa kutusikia isipokuwa mama ntilie, naye alikuwa anagombana na kuni mbichi. Sikusema. Ningependa kudai nilikuwa shujaa wa maadili, lakini ni kwamba mtu mwenye ganzi hushika sheria vizuri sana, kwa kuwa hakuna kinachomvuta upande mwingine.

"Kunywa maziwa, mama," nikasema.

"Nimeshakunywa."

Tukakaa. Nzi walikuja kwenye wali wangu nikawaachia. Mama alikuwa anatazama mlima Hanang, uliokuwa mweupe kwa mawingu kileleni, na mdomo wake ulikuwa unasogea kidogo bila sauti. Nilidhani anasali. Sasa nadhani alikuwa anajaribu kuona kama ulimi utakubali.

Tuliporudi ndani hakimu akamkumbusha kiapo. Baba mdogo akasimama, akarudia swali lile lile, kwa ulegevu wa mtu anayeokota tunda lililokwisha kuanguka. "Taja jina la baba yangu."

Mama akasimama, ingawa aliambiwa anaweza kujibu ameketi. Akashika ngozi ya sketi yake kwa mikono miwili, pale pajani, kama mtu anayevuka mto. Hakumtazama baba mdogo. Alimtazama hakimu, akalitamka.

Lilitoka wazi, kwa sauti ya kawaida. Nilikuwa sijawahi kulisikia katika kinywa chake, na kwa muda mfupi nilidhani ni mtu mwingine aliyesema.

Hakuishia hapo. Akataja la baba yake huyo mzee. Akataja la baba wa huyo. Akataja ndugu zao, mmoja baada ya mwingine, wote ambao kwa maisha yake yote alikuwa amewazunguka. Alikuwa anayajua yote, na hakukosea hata moja. Asiyetaja ndiye anayejua zaidi. Lazima ujue shimo lilipo ndipo uweze kulikwepa kila siku.

"Taratibu, mama, naandika," hakimu akasema. Akamgeukia mkalimani. "Hilo la kwanza linaandikwaje?"

Nyuma yangu nilisikia mashuka yakivutwa. Wanawake wa kwetu walijifunika vichwa, wakanyanyuka, wakatoka mmoja mmoja. Mke wa baba mdogo naye akatoka, kwa mlango ule ule. Hakimu akainua macho akasema wanaotoka watoke kimya, wasisumbue mahakama. Alidhani wamechoka. Baba mdogo alikuwa bado amesimama, mdomo wazi kidogo. Nafikiri alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa jibu. Akasema hana swali jingine.

Mama alishinda. Uamuzi ulisomwa baada ya wiki kadhaa, wazee wote wawili wa baraza wakiwa upande wake. Hakimu aliandika kwamba mwombaji alijibu maswali kwa ufasaha na kuonyesha kuifahamu vema familia ya marehemu, jambo linalothibitisha kwamba alikuwa mke. Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi. Haina kosa. Ningekuwa jaji wa rufaa ningeiacha ilivyo.

Baada ya hapo likakaa baraza lingine. Wanawake wa kwetu wana mkutano wao, wanakaa nyikani, na mwanaume aliyemkosea mwanamke katika mambo ya kike huitwa na kutozwa. Mwanaume hawezi kukataa. Walimwita baba mdogo kwa kumlazimisha mke wa kaka yake kutamka. Mimi nilikwenda, nikazuiwa kabla sijafika. Nilikuwa sijaolewa, na baraza lile ni la walioolewa. Nikakaa mbali juu ya jiwe, naona migongo na mashuka, sisikii neno. Nikajikuta nacheka kidogo. Mabaraza mawili, shauri moja, na kote nimewekwa nje kwa taratibu halali.

Walimtoza dume jeusi. Alilitoa kimya kimya, maana laana ya wanawake wale haina rufaa. Lakini na mama hawakumwacha. Walimwambia alipaswa kunyamaza. Walimwambia aende na asali na maziwa kwenye kaburi la mwenye boma amwombe radhi, na kwamba kwa misimu kadhaa si yeye atakayewapaka mafuta maharusi, kazi aliyokuwa akiitiwa kuliko mama yeyote wa sehemu zetu. Alikubali yote. Aliporudi kutoka kaburini nilimuuliza alisema nini huko. Akasema, "Nilimwambia ni kwa ajili ya ng'ombe wake." Kisha akaenda kukamua.

Nilirudi Babati. Nilivaa joho, nilisimama, niliinama, nilishinda kesi na kushindwa. Watu walisema mimi ni wakili mtulivu. Niliposikia hivyo nilisema asante.

Mwisho wa kiangazi nilikwenda nyumbani. Ardhi ilikuwa imepasuka, ng'ombe wamekonda mbavu zikihesabika, lakini walikuwepo, na shamba lilikuwepo, na mama alikuwepo katikati yake. Alasiri moja tulikuwa kwenye zizi la ndama. Wingu likashuka kutoka mlimani, zito, na upepo ukaanza kuleta harufu ya vumbi lililoloa. Mama alimsukuma ndama begani. "Ingia," akamwambia, "mvua inakuja."

Alilitamka neno la baba. Lile lenyewe.

Nikainua kichwa. Nilitaka kumrekebisha, kama unavyomrekebisha mtoto aliyesema neno la aibu mbele ya wageni. "Mama, umesema..."

"Nimesema nini?"

Nikamwonyesha wingu kwa kidole.

"Limeshaandikwa huko kwenu," akasema. "Wakaligonga mhuri. Sasa nimfiche nani?" Akainama kufungua kamba.

Kwenu. Mama wa kwetu humwambia hivyo binti aliyekwisha kuolewa, na mimi sikuwa nimeolewa na mtu. Nikashika mti wa zizi. Mguu uliokufa ganzi ukianza kurudi haurudi kwa upole, unachoma, na mimi nilianza kuchomwa pale, kwanza kwa ajili yake, halafu, sijui kwa njia gani, kwa ajili ya baba. Nililia kwa sauti, nikiwa nimechelewa sana, na ndama wakanishangaa. Mama alinitazama. Hakunikataza.

Akanipa kamba ya ndama wa mwisho, mwekundu, mkaidi, wa aina ile ile iliyonipeleka shule. Nikamvuta akagoma. Nikainamia sikio lake, nikamwambia aingie, ile ya juu inakuja. Neno hilo sikuwahi kulitumia mimi. Lilikuwa la mama, na sasa katika boma lile hapakuwa na mwingine wa kulisema.

Mama alisimama akasikiliza. Kisha akashika ndama kwa mkia, mimi nikavuta kamba, tukamwingiza ndani kabla matone hayajaanza.